Mahakama ya Juu ya Marekani na Sheria Zinazomgusa Mtu wa Kawaida: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ufikapo mwisho wa mwezi wa sita, Mahakama ya Juu ya Marekani inapotoa hukumu zake kubwa, simu yangu hujaa ujumbe wa sauti. Ndugu aliyeko Texas amesikia redioni kwamba mahakama "imefuta" jambo fulani na hajui kama linamhusu. Mwanafunzi wa sheria aliyeko Dar es Salaam ana kesi ya kuwasilisha darasani kesho. Mama aliyepata hifadhi Ohio anauliza kama mwanawe ataendelea kusoma. Nimeyakusanya hapa maswali yanayojirudia, na majibu yake kadiri ninavyoyajua.

Kabla hatujaanza nakuomba swali moja uende nalo katika kila kesi: majaji walikuwa wanaisoma Katiba, au walikuwa wanaisoma sheria iliyotungwa na Bunge? Ukilijua hilo, umejua nani anaweza kuutengua uamuzi, na umejua kama uhuzunike, ufurahi au usubiri. Magazeti hulisahau swali hili karibu kila mara.

Haya ni maelezo ya jumla. Mwenye kesi yake mkononi akamwone wakili.

Ni mahakama ipi hasa? Wengine wanaiita Mahakama Kuu.

Majina yanatuchanganya. Kwa Mtanzania, Mahakama Kuu ipo chini ya Mahakama ya Rufani. Kwa Mkenya, juu ya Mahakama Kuu ipo Mahakama ya Rufaa, na juu yake tena Mahakama ya Juu iliyoanzishwa na Katiba ya 2010. Mtangazaji anaposema "Mahakama Kuu ya Marekani", msikilizaji hudhani bado kuna mlango wa rufaa. Hakuna. Ndiyo maana ukurasa huu unasema Mahakama ya Juu.

Ina majaji 9, idadi ambayo haijabadilika tangu 1869. Rais humteua jaji, Seneti humthibitisha, naye hukaa mpaka afariki, astaafu au aondolewe kwa kushtakiwa bungeni. Hilo la kukaa maisha lina uzito wake: rais anayetawala miaka 4 anaweza kuacha jaji atakayeandika hukumu kwa miaka 30.

Jambo la pili la kulijua mapema ni kwamba kila jimbo lina sheria zake na mahakama zake mpaka ngazi ya juu. Talaka, mirathi, mkataba wa nyumba, wizi wa dukani, mengi ya haya huamuliwa na jimbo. Mahakama ya Juu huingia pale tu panapokuwa na suala la Katiba ya Marekani au la sheria ya serikali ya shirikisho.

Nani aliipa mamlaka ya kubatilisha sheria za Bunge?

Ilijipa yenyewe, mwaka 1803, katika kesi ya Marbury dhidi ya Madison. William Marbury aliteuliwa kuwa hakimu wa amani katika siku za mwisho za Rais John Adams, lakini hati yake ya uteuzi haikumfikia. Serikali mpya ya Thomas Jefferson ikaikalia. Jaji Mkuu John Marshall akaamua kwamba Marbury anastahili hati yake, ila kifungu cha sheria alichokitumia kuifungua kesi moja kwa moja katika mahakama ile kinapingana na Katiba, hivyo ni batili. Marbury akarudi nyumbani mikono mitupu. Mahakama ikabaki na mamlaka ambayo Katiba haikuyaandika waziwazi popote.

Kuna jambo wengi hawafundishwi: waziri aliyeshindwa kuifikisha hati hiyo kwa wakati alikuwa John Marshall huyo huyo, aliyekuwa bado anashikilia uwaziri huku ameshaapishwa kuwa Jaji Mkuu. Leo tungetaka ajitoe kwenye kesi.

Kesi hufikaje huko? Mtu yeyote anaweza kwenda?

Kuomba, ndiyo. Kusikilizwa, ni nadra sana. Kila mwaka hufika maelfu ya maombi na mahakama huchagua kesi 60 hadi 70 hivi. Majaji 4 wakikubali, kesi inaingia. Wakiikataa, haimaanishi kwamba wameiunga mkono hukumu ya chini. Hawakuigusa, basi. Nimeona watu wakilia na wengine wakishangilia kwa sababu ya ombi lililokataliwa, hali sheria haijasogea hata hatua moja.

Mara nyingi huchagua jambo ambalo mahakama za rufaa za maeneo tofauti zimelitolea majibu yanayogongana, kwa sababu haifai sheria moja ya nchi iwe na maana moja California na nyingine Florida.

Inakuwaje kesi ya mtu mmoja igeuke sheria ya watu wote?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, kwa hiyo nitatumia mfano mmoja kwa kirefu.

Mwaka 1961 Clarence Earl Gideon alishtakiwa kwa kuvunja na kuingia katika ukumbi wa mchezo wa puli huko Panama City, Florida, kwa nia ya kuiba. Hakuwa na pesa. Alimwomba hakimu ampe wakili, akaambiwa sheria ya Florida hutoa wakili wa bure kwa kesi za adhabu ya kifo tu. Akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka 5. Akiwa gerezani alichukua penseli na karatasi ya gereza, akaiandikia Mahakama ya Juu. Mahakama ikaikubali barua ile na kumteulia wakili wa kumwakilisha. Machi 1963 majaji wote 9 walikubaliana: mtu anayekabiliwa na kosa kubwa la jinai na hana uwezo wa kulipa, jimbo lazima limpe wakili. Kesi ya Gideon ilisikilizwa upya mwezi Agosti mwaka huohuo. Safari hii wakili aliwahoji mashahidi, na jopo la raia likamwachia huru.

Sasa tazama njia uamuzi huo uliopita. Haki ya kuwa na wakili imeandikwa katika Marekebisho ya 6 ya Katiba, ambayo hapo mwanzo yaliifunga serikali ya shirikisho peke yake. Marekebisho ya 14, ya mwaka 1868, yanasema hakuna jimbo litakalomnyang'anya mtu uhai, uhuru au mali bila kufuata taratibu za haki. Majaji walisema wakili ni sehemu ya taratibu hizo. Kwa daraja hilo, haki moja baada ya nyingine imevushwa kutoka serikali ya shirikisho hadi kila jimbo. Ukiondoa Marekebisho ya 14, nusu ya ukurasa huu haipo.

Baada ya hapo kinachofanya kazi ni kanuni ya hukumu ya rejea: mahakama ya chini ikikutana na jambo lilelile, lazima ifuate. Haifungwi na kila neno lililoandikwa. Inafungwa na sababu zilizoubeba uamuzi, si maneno yaliyosemwa pembeni. Mawakili hupigana miaka na miaka juu ya wapi sababu zinaishia na wapi maneno ya pembeni yanaanza.

Angalia pia mpaka wake. Gideon ni wa kesi za jinai. Mahakama za uhamiaji huhesabiwa kuwa za madai, kwa hiyo anayekabiliwa na amri ya kuondolewa nchini ana haki ya kuwa na wakili, lakini serikali haimlipii. Ndugu zetu wengi husimama pale peke yao, na mkalimani pembeni. Naliona hilo kuwa dosari kubwa ya mfumo huu.

Kuna tofauti gani kati ya kuisoma Katiba na kuisoma sheria ya Bunge?

Tofauti ni nani mwenye neno la mwisho.

Lilly Ledbetter alifanya kazi miaka 19 katika kiwanda cha matairi cha Goodyear huko Gadsden, Alabama. Alipokaribia kustaafu aligundua kwamba wanaume wa cheo chake walikuwa wanalipwa zaidi. Akashtaki. Mei 2007 majaji 5 dhidi ya 4 walisema amechelewa: sheria ilimpa siku 180 tangu uamuzi wa mshahara ulipofanyika. Wangapi kazini wanajua mshahara wa mwenzao ndani ya siku 180? Jaji Ruth Bader Ginsburg alisoma maoni yake ya kupinga kwa sauti mahakamani, akalitaka Bunge lirekebishe. Bunge likarekebisha. Januari 2009 Rais Barack Obama alitia saini sheria inayobeba jina la mama huyo, na kila malipo yenye ubaguzi sasa huanzisha upya hesabu ya siku. Yeye mwenyewe hakupata hata senti kutokana na kesi ile.

Liliwezekana kwa sababu majaji walikuwa wanaisoma sheria ya ajira. Wangekuwa wanaisoma Katiba, Bunge lisingeweza kuwarekebisha kwa kura ya kawaida. Kuibadilisha Katiba kunahitaji theluthi mbili ya kila upande wa Bunge, kisha robo tatu ya majimbo. Marekebisho yapo 27 tu tangu nchi ianze. Njia nyingine ni kungoja mahakama yenyewe ibadili mawazo.

Polisi wakinikamata, hukumu zipi zinanilinda?

Miranda dhidi ya Arizona, ya 1966, ndiyo inayojulikana zaidi, kwa sababu filamu zimeisambaza. Ernesto Miranda alihojiwa na polisi wa Phoenix kwa saa mbili hivi, akasaini maungamo bila kuambiwa kwamba anaweza kunyamaza wala kwamba ana haki ya wakili. Majaji 5 dhidi ya 4 waliyatupa maungamo hayo. Tangu hapo, polisi anayemhoji mtu aliye chini ya ulinzi lazima kwanza amsomee haki zake. (Miranda alishtakiwa tena bila maungamo yale, akapatikana na hatia.)

Lakini hukumu huishi kama nguo kwa fundi: hupunguzwa hapa, hushonwa pale. Mwaka 2000 mahakama ilikataa kuitupa Miranda. Mwaka 2010, katika kesi ya Berghuis dhidi ya Thompkins, mshukiwa alikaa karibu saa tatu akiwa kimya, kisha akajibu swali moja, na jibu lake likatumiwa dhidi yake. Majaji walisema kunyamaza peke yake hakutoshi. Lazima mtu *aseme* kwamba anaitumia haki yake ya kunyamaza. Mwaka 2022 wakaongeza kwamba polisi asiyekusomea haki zako hawezi kudaiwa fidia kwa sababu hiyo pekee. Kwa hiyo ukishikwa, sema wazi, kwa Kiingereza chochote ulicho nacho au kwa mkalimani: nataka kunyamaza, nataka wakili. Kisha nyamaza kweli.

Kuhusu upekuzi, Mapp dhidi ya Ohio (1961) ilisema ushahidi uliopatikana kwa upekuzi haramu hautumiki hata katika mahakama za majimbo. Riley dhidi ya California (2014), kwa kauli moja, ilisema polisi akikukamata hawezi kuipekua simu yako bila hati ya mahakama. Jaji Mkuu John Roberts aliona, na nadhani kila mmoja wetu anajua, kwamba simu si pochi. Mpakani na uwanja wa ndege, sheria ni nyingine. Maafisa wana mamlaka mapana zaidi pale.

Nina grinkadi (kibali cha ukaazi wa kudumu). Wakili ameniambia nikiri kosa dogo ili niachiwe. Kuna hatari?

Ipo, na ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Swali hili ningependa liandikwe ukutani katika kila msikiti na kila kanisa la Waswahili huko ughaibuni.

José Padilla, mzaliwa wa Honduras, aliishi Marekani kihalali zaidi ya miaka 40 na alipigana Vietnam akiwa jeshini mwao. Alikuwa dereva wa lori. Alikamatwa Kentucky na shehena ya bangi, wakili wake akamwambia asiwe na wasiwasi juu ya uhamiaji kwa kuwa amekaa nchini siku nyingi. Akakiri kosa. Kukiri huko kulimfungulia mlango wa kufukuzwa karibu moja kwa moja.

Machi 2010 Mahakama ya Juu ilisema wakili wa jinai *lazima* amwambie mteja asiye raia matokeo ya uhamiaji ya kukiri kwake. Asipomwambia, ameshindwa kazi ambayo Marekebisho ya 6 yanaidai. Ona jinsi mbegu ya Gideon ilivyochipua: 1963 ilikuwa haki ya kupewa wakili, 2010 ni haki ya kupewa wakili anayejua anachosema.

Miaka 3 baadaye, katika kesi ya Chaidez, majaji wakasema kanuni ya Padilla haiwasaidii wale ambao hukumu zao zilikuwa zimeshakamilika kabla ya 2010. Kanuni mpya haifufui kila kesi ya zamani.

Basi muulize wakili wako, tena kwa maandishi: nikikiri kosa hili, uhamiaji watalionaje?

Mtoto wangu hana karatasi. Shule inaweza kumkataa?

Hapana. Texas ilitunga sheria mwaka 1975 ya kuzinyima shule fedha za watoto wasio na hati, na wilaya ya shule ya Tyler ikaanza kudai dola 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa namna hiyo. Wazazi wakashtaki kwa majina ya siri. Juni 1982, katika Plyler dhidi ya Doe, majaji 5 dhidi ya 4 waliibatilisha sheria hiyo kwa kutumia Marekebisho ya 14, yanayomlinda kila *mtu* aliye ndani ya jimbo, neno lao likiwa "mtu", si "raia". Mtoto, walisema, hakuchagua kuvuka mpaka.

Hukumu hii inahusu elimu ya msingi na sekondari ya umma. Haisemi chochote juu ya karo ya chuo kikuu. Wapo wanasiasa wanaotaka ipinduliwe, na kwa kuwa ni usomaji wa Katiba uliopita kwa kura moja, wanajua wanachokitafuta.

Naomba hifadhi. Je, kuna hukumu inayosema nithibitishe nini?

Zipo mbili, na ni vizuri kuzisoma pamoja kwa sababu moja inafungua na nyingine inabana.

Mwaka 1987, katika kesi ya mwanamke kutoka Nicaragua, INS (idara ya uhamiaji ya wakati huo) dhidi ya Cardoza-Fonseca, serikali ilidai mwombaji aonyeshe kwamba kuna uwezekano zaidi ya nusu kuwa atateswa akirudishwa. Mahakama ikakataa. Sheria inasema "hofu yenye msingi", na hofu inaweza kuwa na msingi hata kama uwezekano ni 1 kati ya 10. Maelfu ya watu wanaishi salama leo kwa sababu ya sentensi hiyo.

Mwaka 1992 ikaja INS dhidi ya Elias-Zacarias. Kijana wa Guatemala alifuatwa nyumbani na waasi wenye silaha waliotaka ajiunge nao, akakimbia. Majaji walisema kulazimishwa kujiunga na kundi la wapiganaji hakutoshi peke yake. Lazima ionekane kwamba wanakutesa *kwa sababu ya* siasa yako, dini, kabila, uraia au kundi lako la kijamii.

Anayetoka Kivu ataielewa kesi hii haraka kuliko profesa. Kijana akisema tu "walitaka kunichukua porini" amesimulia ukweli wake, lakini hajajibu swali la sheria. Kwa nini wewe? Walikuita nani? Walisema nini juu ya kabila lako, juu ya baba yako, juu ya chama chako? Nimesikia simulizi za kweli zikianguka kwa sababu hakuna aliyemuuliza msimuliaji swali la pili.

Na kwa kuwa kesi zote mbili ni usomaji wa sheria ya Bunge, Bunge linaweza kuibadilisha kesho, kulegeza au kukaza.

Kesi ya wavuvi ya 2024 inahusiana nini na mimi?

Loper Bright. Wavuvi wa samaki aina ya heringi walilalamika kwamba wizara inawalazimisha kumlipa mkaguzi anayepanda chomboni mwao. Kwa miaka 40, tangu kesi ya Chevron ya 1984, majaji walikuwa wakikubali tafsiri ya idara ya serikali pale sheria ilipokuwa na utata, mradi tafsiri iwe ya busara. Juni 2024, majaji 6 dhidi ya 3 walikomesha utaratibu huo: jaji aisome sheria mwenyewe.

Samaki ndio waliofungua mlango, waliopita ni mazingira, dawa, kodi, ajira na uhamiaji. Tafsiri za bodi ya rufaa za uhamiaji nazo zimepoteza kinga hiyo, jambo linaloweza kumfaa mwombaji katika mahakama moja na kumdhuru katika nyingine, kwa kutegemea jaji.

Mahakama haina jeshi. Nani hutekeleza?

Swali zuri kuliko yote, na jibu lake si la kufurahisha sana.

Mei 17, 1954, katika Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, majaji wote 9 walisema kuwatenga watoto weusi katika shule zao peke yao kunakiuka Katiba. Hukumu ya Plessy ya 1896, iliyoruhusu utengano, ikaporomoka. Mwaka uliofuata mahakama iliagiza utekelezaji "kwa kasi ya makusudi", maneno ambayo majimbo ya Kusini yaliyatafsiri kuwa ruhusa ya kuchelewa. Mwaka 1957 Rais Eisenhower ilimbidi apeleke askari wa Divisheni ya 101 ya jeshi kuwasindikiza wanafunzi 9 weusi kuingia shuleni Little Rock, Arkansas. Kaunti ya Prince Edward, Virginia, iliona ni heri ifunge shule zake *zote* za umma kuliko kuwachanganya watoto. Zilifungwa kuanzia 1959, na mahakama ikaingilia tena mwaka 1964. Mtoto aliyekuwa na miaka 7 zilipofungwa alikuwa na 12 zilipofunguliwa.

Kilichoifanya Brown itembee kwa haraka zaidi ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, iliyowezesha kuzinyima fedha shule zinazobagua. Bunge na mahakama kwa pamoja, na watu barabarani nyuma yao.

Wakili aliyeongoza hoja katika Brown, Thurgood Marshall, ana uhusiano na kwetu. Mwaka 1960 Tom Mboya alimwalika awe mshauri wa wajumbe wa Kiafrika katika mkutano wa katiba ya Kenya uliofanyika Lancaster House, London. Aliwaandalia rasimu ya hati ya haki. Mtu aliyetumia maisha yake kuwatetea wachache weusi dhidi ya walio wengi weupe alijikuta akiandika kinga kwa ajili ya Wazungu na Wahindi wachache wa Kenya, na alifanya hivyo kwa moyo uleule. Mwaka 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi katika Mahakama ya Juu.

Mahakama inaweza kujipinga yenyewe?

Inaweza. Brown iliipindua Plessy baada ya miaka 58. Juni 2022, katika kesi ya Dobbs, iliipindua Roe dhidi ya Wade ya 1973, iliyolinda haki ya kutoa mimba nchi nzima, na suala la utoaji mimba likarudi kwa majimbo. Tangu hapo mwanamke wa Illinois na mwanamke wa Texas wanaishi chini ya sheria zinazopingana, ingawa katiba yao ni moja.

Jimbo linaweza kutoa haki zaidi ya zile za Mahakama ya Juu?

Linaweza, na watu hawalitumii hilo vya kutosha. Mfano mzuri ni ardhi. Mwaka 2005, katika Kelo dhidi ya Mji wa New London, Connecticut, majaji 5 dhidi ya 4 waliruhusu mji kuchukua nyumba za watu, kwa fidia, ili eneo liendelezwe na wawekezaji binafsi. Hasira ilienea nchi nzima. Zaidi ya majimbo 40 yalibadili sheria zake kuzuia au kubana uchukuaji wa namna hiyo, na Mahakama ya Juu ya Ohio ikasema mwaka 2006 kwamba katiba ya jimbo hilo haikubali sababu ya uchumi peke yake. Kule New London kwenyewe, nyumba ziliondolewa na kiwanja kikabaki majani kwa miaka mingi.

Jaji mmoja wa chini anaweza kuizuia sera ya rais nchi nzima?

Tangu Juni 2025, kwa kawaida hawezi. Katika Trump dhidi ya CASA, iliyotokana na amri ya rais ya kubana uraia wa wanaozaliwa Marekani, majaji 6 dhidi ya 3 walisema zuio limlinde aliyeshtaki, si kila mtu nchini. Njia ya kushtaki kwa niaba ya kundi imebaki wazi. Uamuzi huo ulihusu mamlaka ya kutoa zuio, haukuamua suala lenyewe la uraia wa kuzaliwa.

Je, mahakama hii imewahi kuamua jambo linaloihusu Afrika Mashariki moja kwa moja?

Ndiyo. Ijumaa ya Agosti 7, 1998, mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Zaidi ya watu 200 walikufa, walio wengi wakiwa Nairobi, na maelfu walijeruhiwa. Wahanga na jamaa zao, wengi wao Waafrika Mashariki, waliishtaki Sudan katika mahakama za Marekani kwa kuwasaidia al-Qaeda. Walipewa tuzo ya takriban dola bilioni 10.2, zikiwemo kama bilioni 4.3 za kuiadhibu Sudan. Sudan ikakata rufaa: sheria inayoruhusu fidia ya kuadhibu ilipitishwa 2008, vipi itumike kwa tendo la 1998?

Mei 2020, katika Opati dhidi ya Sudan, majaji 8 kwa kauli moja walisema Bunge lilionyesha wazi kwamba linataka sheria ile iguse hata matendo ya nyuma. Ushindi mkubwa. Lakini mwaka huohuo Marekani na Sudan zilipatana kwa dola milioni 335, Sudan ikatolewa kwenye orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi, na mwezi Desemba Bunge likairudishia kinga yake. Mabilioni yakabaki kwenye karatasi. Rudi kwenye swali letu la mwanzo: majaji walisoma sheria ya Bunge, na Bunge likaibadilisha.

Mahakama zetu zinafungwa na hukumu hizi?

Hazifungwi. Wakili wa Nairobi au Arusha anaweza kuinukuu Gideon ili kumshawishi jaji, kama anavyonukuu hukumu za India au Afrika Kusini. Jaji ana uhuru wa kuikataa.

Nitaisomaje hukumu mwenyewe?

Hukumu zote hutolewa bure kwenye tovuti ya mahakama siku ileile zinaposomwa, na tangu Mei 2020 hoja za mawakili husikika moja kwa moja kwa sauti. Kurasa za kwanza ni muhtasari ulioandikwa na mtumishi wa mahakama. Unasaidia, lakini hauna nguvu ya sheria. Nenda kwenye maoni ya walio wengi, tafuta aya inayotaja ni kifungu kipi cha Katiba au cha sheria kinachosomwa, kisha ruka hadi aya za mwisho uone wameagiza nini. Mara nyingi sana kesi hurudishwa mahakama ya chini isikilizwe upya, na aliyetangazwa mshindi kwenye taarifa ya habari bado ana safari ndefu. Soma pia maoni ya waliopinga. Ukianza na kesi fupi, anza na Gideon.